Nzuri, Ila...



Wapendwa wasomaji, mada niliyowaahidi wiki iliyopita naomba niiweke kando kwanza. Tangu Jumapili kuna neno moja dogo linalonisumbua, nami nimejifunza kwamba neno likinisumbua siku tatu mfululizo ni afadhali niliandike kuliko kujifanya silisikii. Neno lenyewe ni "ila".

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna desturi njema ya kusalimiana. Mijini inaanza kupungua, lakini huku kwetu vijijini mtu hakupiti njiani kana kwamba anapita mti. Kwanza shikamoo na marahaba, kisha habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za shamba, na kama hamjaonana siku nyingi, hata za mifugo. Majibu nayo yanajulikana: nzuri, njema, salama. Nimewahi kuingia katika nyumba yenye msiba, marehemu akiwa bado hajazikwa, nikauliza habari za hapa, na mama mfiwa akanijibu, "Nzuri, Padre." Mgeni asiyeijua lugha yetu angedhani mama huyo hana moyo, au anasema uongo. La hasha. Jibu lile la kwanza ni kama kumfungulia mtu lango la ua. Bado hajaingia ndani. Habari yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya neno "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Salama, ila mvua imekatika na mahindi yananyauka. Njema, Padre, ila huyu bwana hajarudi tangu Ijumaa. (Na anayesema "nzuri tu" huku akitazama chini, mjue kwamba hapo hakuna uzuri wowote.)

Shida ni kwamba "ila" haiji upesi. Inafanana na kisima cha kiangazi: ukichota ndoo ya kwanza inabidi ukae pembeni, ungoje maji yajikusanye tena. Asiye na subira huondoka akisema kisima kimekauka.

Nami nilikuwa mtu asiyengoja. Jambo ninalolisimulia sasa ninalisimulia kwa ruhusa ya mhusika mwenyewe, ambaye alisema kwamba likiandikwa pengine litamfaa padre mwingine, au baba mwingine. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, katika Kwaresima, miaka minne iliyopita. Mzee mmoja, mwenyekiti wa jumuiya katika mojawapo ya vigango vyetu, alikuja ofisini kuleta orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alikuwa ametembea kilomita saba. Mimi nilikuwa na mkutano wa dekania saa nne, na saa ya ukutani ilikwisha kuonyesha saa tatu na nusu. Nilimpokea vizuri, au ndivyo nilivyojiambia. Nikaichukua orodha, nikauliza habari za kigangoni, akasema nzuri. Tukasimama wote wawili. Alipofika mlangoni alishika kitasa, akageuka, akasema, "Ila Padre, kuna jambo moja dogo."

Funguo za pikipiki zilikuwa tayari mkononi mwangu. Nakumbuka kwamba nilizitikisa. Sikukusudia kumfukuza, ni mazoea tu ya mkono wa mtu mwenye haraka. Lakini yeye alizisikia. Nikamwambia, "Mzee wangu, si tuongee Jumapili?" Akajibu, "Hakuna shida, Padre. Ni dogo tu." Akaenda zake.

Jumapili hakulisema, wala mimi sikuuliza, kwa kuwa nilikwisha kusahau. Mkutano wa dekania, kwa taarifa yenu, ulianza saa tano na robo, kwa sababu tulikuwa tukingojana. Na leo hii siwezi kukumbuka hata ajenda moja.

Ilipita zaidi ya nusu mwaka ndipo nikaijua habari, na niliijua kwa mama wa nyumba ile, siku nilipokwenda kumpelekea Komunyo akiwa mgonjwa. Mzee alikuwa na kijana wake, kitinda mimba, ambaye waligombana vibaya juu ya shamba lililouzwa. Kijana akaondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya, na kwa miaka miwili baba na mwana hawakusemezana. Usiku wa kuamkia Alhamisi ile, kijana alipiga simu. Hakusema mengi. Alisalimia, akauliza kama anaweza kuja nyumbani kwa Pasaka. Baba akamwambia kwamba atafikiri, kisha atampigia. Kulipokucha akachukua orodha ya watoto, ambayo mtu yeyote angeweza kuileta, akatembea kilomita saba ili aniulize amjibu nini. Maana hasira ilikuwa inamwambia hivi na damu inamwambia vile.

Akarudi bila jibu. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ikaongeza aibu ya kupiga simu. Pasaka ikaja, ikapita. Mwezi Mei alipojipa moyo, namba haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo. Waliorudi kutoka machimboni wanasema aliondoka pale. Wengine wanadhani alielekea Geita, wengine wanasema alivuka mpaka.

Sijui ningemwambia nini asubuhi ile. Yamkini ningempa ushauri wa haraka haraka, wenye maneno mengi na usiofaa. Mzee mwenyewe hanilaumu. Anasema simu ilikuwa mfukoni mwake, si mwangu, na hilo ni kweli. Hata hivyo nimeliweka jambo hili mbele ya Mungu mara nyingi, na kila nikimaliza kujitetea inabaki ile sauti ya funguo.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma kwa namna nyingine Injili ya Marko, sura ya 5, ile ya Yairo na yule mwanamke aliyeteswa na kutokwa damu miaka kumi na miwili. Kwa miaka mingi niliihubiri kama habari ya miujiza miwili. Sasa ninachokiona kwanza ni mtu mwenye haraka ya kweli anayesimama. Binti wa Yairo yu mahututi. Hakuna dharura inayoizidi hiyo, na mkutano wangu wa dekania usilinganishwe nayo kabisa. Katikati ya safari hiyo mwanamke anagusa vazi, anapona papo hapo. Kama jambo lenyewe lilikuwa ni kuponya tu, basi lilikwisha, na msafara ungeweza kuendelea. Lakini Bwana anasimama, anauliza ni nani, wanafunzi wanashangaa kwa kuwa umati mzima unamsonga, naye anaendelea kutazama huku na huku mpaka mwanamke anajitokeza akitetemeka na kumweleza yote. Yote! Miaka kumi na miwili, waganga, mali iliyokwisha. Hatuambiwi ilichukua muda gani. Tunaambiwa kwamba walipokuwa bado wanaongea, wajumbe walifika kusema binti amekwisha kufa. Ninamfikiria Yairo, amesimama pale, akihesabu kila neno la mama yule. Kusikiliza kuna gharama, na mara nyingine gharama hiyo humwangukia mtu mwingine anayengoja. Injili haifichi hilo. Nasi tunajua jinsi safari ile ilivyoishia, lakini Yairo hakujua.

Basi, nimejaribu kubadili mambo machache, nayo ni madogo hata naona haya kuyataja. Funguo za pikipiki sasa zinakaa kwenye droo, na sizitoi mpaka mgeni amekwisha kuondoka. Simu inakaa kwenye droo hiyo hiyo. Katika kupanga siku, ninaacha robo saa tupu kati ya jambo na jambo. Nilipoanza, katibu wa parokia alidhani nimekosea kuandika.

Lililonisaidia kuliko yote, hata hivyo, sikulibuni mimi. Wazee wetu walikuwa nalo zamani, nasi tumeliacha likififia: kumsindikiza mgeni. Mnakumbuka? Mgeni akiaga, mwenyeji hakuishia kizingitini. Alitoka naye, wakapita ua, wakafika njia panda, mara nyingine wakafika mtoni, na huko ndiko maneno yenyewe yalikosemwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani bibi yangu anapenda kutembea tu. Alikuwa akitoka na wageni wake, mimi nikifuata nyuma na kukatazwa kukaribia, na nyumbani aliweza kurudi jua likiwa linazama. Sasa ninaelewa kwamba kuna mambo mtu hawezi kuyasema akiwa amekaa, ametazamana nawe, meza ikiwa katikati. Ukitembea ubavuni mwake, macho yenu yote yakiwa njiani, ulimi unalegea. Siku hizi kila anayekuja ofisini ninamsindikiza mpaka kwenye mparachichi ule wa getini, ambapo tumeweka benchi. Ni hatua sitini hivi. Sijapiga hesabu kamili, lakini nathubutu kusema kwamba nimesikia mengi zaidi katika hatua hizo sitini kuliko katika kiti changu cha ofisini.

Wamonaki walilijua jambo hili kabla yetu. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake huko Italia katika karne ya 6, alitenga sura nzima, ya 66, kwa ajili ya bawabu wa monasteri. Ukifikiri juu ya mambo mazito yaliyomo katika Kanuni ile, unashangaa kuona mlango umepewa sura yake. Bawabu awe mzee mwenye busara, anayejua kupokea neno na kulirudisha, mtu ambaye utu uzima wake haumruhusu kuzurura. Chumba chake kiwe karibu na lango, ili yeyote ajaye amkute mtu. Na akisikia hodi, au maskini akiita, kwanza kabisa amshukuru Mungu. Yaani kabla hajajua anayebisha hodi ni nani wala anataka nini! Mimi nikisikia hodi saa nane mchana, baada ya kurudi kutoka vigangoni, neno la kwanza linalonijia moyoni siwezi kuliandika hapa. Wabenediktini wako Peramiho tangu mwaka 1898 na Ndanda tangu 1906, na wengi wetu wazazi wetu walibatizwa, wakatibiwa na kufundishwa kusoma kwa mikono yao. Lakini bawabu yule wa sura ya 66 nadhani bado hatujamwiga ipasavyo.

Sitaki mnielewe vibaya. Si kila "ila" ni ya kusikilizwa mpaka mwisho. Wapo wanaongoja mlangoni ili wamseme jirani, na hao nimejifunza kuwasindikiza kwa hatua ndefu ndefu. Wapo pia ambao shida yao ni ya kweli, ila kila wiki huanzia mwanzo kabisa, tangu ndoa ya shangazi, na unajikuta unaomba mvua inyeshe ili mwachane. Juu ya hao ninamkumbuka Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Aliingia Karmeli ya Lisieux mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24, bila kufanya jambo lolote ambalo ulimwengu ungeliita kubwa. Na bado Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misioni mwaka 1927, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Katika masimulizi ya maisha yake anaeleza habari ya mtawa mmoja aliyekaa nyuma yake wakati wa sala, ambaye alikuwa akitoa sauti ndogo ya kuudhi. Teresa alitamani kugeuka amtazame tu, ajue kwamba anasumbua. Hakugeuka. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, mwishowe akaamua kuisikiliza sauti ile kwa makini, kana kwamba ni muziki mzuri, na kumtolea Yesu muziki huo. Mtakatifu, tena Mwalimu wa Kanisa, kutokwa jasho kwa ajili ya kelele ndogo! Habari hiyo hunitia moyo kuliko miujiza mingi. Naye bibi wa ndoa ya shangazi, wiki mbili zilizopita, baada ya maelezo yake yote ya kawaida, alinyamaza kidogo kisha akaniambia jambo alilokuwa hajamwambia mtu yeyote kwa miaka thelathini. Nililipokea, nami nitaliacha pale lilipo.

Nyumbani nako, enyi wazazi. Mtoto anatoka shuleni, unamwuliza, "Shuleni kulikuwaje?" naye anajibu, "Kuzuri," anatupa begi, basi, mazungumzo yamekwisha. Wengi wenu huniambia watoto wa siku hizi hawasemi. Mimi si mzazi, nanyi mna haki ya kunikumbusha hilo. Ila nimekaa na vijana wa kipaimara vya kutosha kujua kwamba husema: husema wakati wa kuosha vyombo, wakati wa kupukuchua mahindi, wakati taa imekwisha kuzimwa. Husema wakati ambapo mikono ina kazi na hakuna anayewatazama usoni. Kama katika nyumba kazi zote amepewa dada wa kazi, na jioni yote imepewa televisheni na simu, basi wakati huo wa mtoto umefutwa, wala hakuna aliyekusudia kuufuta.

Kuna upande wa pili, nao kwangu ni mgumu zaidi: kuikubali "ila" yangu mwenyewe. Mama yangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, kwa muda wa miezi kadhaa niliulizwa habari kila siku, nami nikajibu nzuri. Niliwajibu hivyo waamini, nikawajibu mapadre wenzangu, na pia Baba Askofu, ambaye aliniuliza kwa upole kabisa. Nilidhani ndio ukomavu wa mwanamume, na wa padre. Aliyeniponya ni mlinzi wetu wa usiku. Nilikuwa nimetoka nje saa saba usiku kwa kukosa usingizi, akanisalimia, akauliza habari za usiku, nikasema nzuri. Hakuondoka. Alikaa kimya, akachochea moto wake, kisha akauliza tena, taratibu, "Nzuri ya kweli, Padre?" Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka majogoo. Hakunipa ushauri wowote. Alinipa chai ya rangi katika kikombe cha bati, na kila mara niliponyamaza, naye alinyamaza.

Swali lile la pili ninalitumia sana siku hizi. Ninaliazima kwa mlinzi wetu bila kumlipa.

Na usiku, kabla ya kulala, kuna utafiti wa dhamiri, ambao wengi tulifundishwa tukiwa watoto kisha tukaubakiza kwa ajili ya maungamo ya Pasaka. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anaanza utafiti huo kwa kushukuru, kisha kuomba mwanga wa kuyajua makosa, ndipo mtu aipitie siku yake saa baada ya saa, aombe msamaha, na kukusudia kujirekebisha. Mimi nimezoea kuipitia siku yangu kwa kufuata milango. Nani alisimama mlangoni leo? Nani alianza kusema nikamkatiza? Kwa kawaida anapatikana mmoja, na jina lake ninaliandika katika daftari dogo lililo kando ya kitanda. Kesho yake ninamtafuta. Mara nyingi ninakuta jambo lenyewe kweli lilikuwa dogo: alitaka kuazima ngazi. Basi tunacheka, ninampa ngazi. Kuna siku nyingine ambazo halikuwa dogo, na nilifika kwa wakati kwa tofauti ya siku moja tu. Na kuna siku ninachoka, silifungui daftari kabisa.

Yule mzee wa kigangoni bado ni mwenyekiti wa jumuiya yake. Namba ile ya simu ameiandika kwa mkaa ukutani, karibu na mlango wa chumba chake, na kila Jumamosi jioni anaipiga. Mimi nimewaandikia mapadre wa upande wa Chunya na Geita, wamenijibu kwa wema, wametangaza baada ya Misa katika parokia zao, hakuna lililopatikana. Mama wa nyumba ile alipona, Mungu ashukuriwe.

Jumapili iliyopita mzee alikuja Misa ya kwanza hapa parokiani. Baada ya Misa nilimkuta amesimama karibu na mlango wa sakristia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikauliza habari za nyumbani.

"Nzuri, Padre."

Nikangoja.

"Ila bado hatujampata."

Tukatoka pamoja kuelekea kwenye mparachichi, polepole, kwa kuwa goti lake moja linamsumbua. Tulikuwa bado hatujafika kwenye benchi, wanakwaya wakaja kuomba funguo za chumba cha vinanda. Niliwaambia wazichukue wenyewe kwenye droo.